Je, ligi za vyuo vya Marekani zinaweza kurudi kwenye kanda zake?

SWALI: Binti yangu alionekana UMISSETA akicheza mpira wa wavu, na mwaka 2023 akapata ufadhili wa masomo katika chuo kimoja cha Pwani ya Pasifiki, Marekani. Alipoondoka tuliambiwa timu yao inacheza na vyuo vya majirani. Mwaka uliofuata chuo kikahamia ligi iitwayo Big Ten. Sasa nikimpigia simu, mara yuko New Jersey, mara Maryland, mara Indiana, na mitihani mingine anaifanyia hotelini. Kwetu timu huanza wilayani, ikaenda mkoani, ndipo ikafika taifa. Wamarekani wenye fedha zote zile wanashindwaje kugawa vyuo kwa kanda? Na je, kuna matumaini ya kurudi huko kabla hajamaliza mwaka 2027? (Mama wa mchezaji, Arusha)

JIBU: Mama, nianze na ulilouliza mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Kabla ya 2027, hapana. Mkataba wa matangazo ambao Big Ten ilitangaza Agosti 2022 na Fox, CBS na NBC, wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7, unafika hadi msimu wa 2029-30. Chuo chake kiliingia kwenye ligi ile kwa ajili ya fedha hizo, na hakitatoka zikiwa bado zinaingia. Kwa hiyo mwishoni nitakueleza la kufanya katika miaka aliyobakiza. Lakini swali lako la kwanza linastahili jibu zaidi ya “ni pesa tu”, kwa sababu pesa zilikuwepo tangu zamani na kanda nazo zilikuwepo. Kuna kitu kilichokatika katikati.

Kwanza tuondoe dhana moja. Marekani hakuna TAMISEMI ya michezo. UMISSETA ina serikali inayosema shule hii ni ya wilaya hii na wilaya hii ni ya mkoa huu, basi. Kule, ligi za vyuo, ambazo wenyewe huziita konferensi, ni vyama vya hiari. Vyuo hukaa pamoja, huandikiana katiba, humwajiri kamishna, na hugawana mapato. Anayetaka kutoka hulipa ada ya kujitoa na kwenda zake. NCAA, ile taasisi kubwa inayotajwa kila mara, huandika kanuni za jumla na kuendesha mashindano mengi ya ubingwa wa taifa, lakini haina mamlaka ya kukiambia chuo cha Seattle kicheze na nani wiki ijayo.

Mwanzoni hapakuwa na haja ya kuambiwa. Big Ten ilianzishwa mwaka 1896 na vyuo saba vya eneo la Maziwa Makuu ya kule na jirani zake: Chicago, Illinois, Michigan, Minnesota, Northwestern, Purdue na Wisconsin. Timu zilisafiri kwa treni, kwa hiyo ramani ya ligi ilikuwa ramani ya reli. Ligi ya SEC ilizaliwa 1932 vyuo vya Kusini vilipojitenga na ligi iliyokuwa imejaa kupita kiasi, na ACC ikazaliwa 1953 kwa njia hiyo hiyo, kutoka ligi hiyo hiyo. Angalia jambo hilo: walipokuwa wengi mno na mbali mno, waligawanyika. Leo Big Ten ina vyuo 18, ACC nayo 18 ukihesabu chuo cha Notre Dame, SEC 16 na Big 12 nayo 16, na hakuna anayezungumzia kugawanyika.

Mfano ninaoupenda ni wa upande huo huo aliko binti yako. Tangu 1978 hadi 2011 ligi ya Pasifiki ilikuwa na vyuo kumi, Pac-10, na vyuo hivyo vilikuwa jozi tano. Washington na Washington State. Oregon na Oregon State. Stanford na California, yaani Berkeley. UCLA na USC, ambazo zote ziko ndani ya jiji la Los Angeles. Arizona na Arizona State. Kwenye mpira wa kikapu ratiba ilijipanga yenyewe: timu inakwenda Los Angeles, Alhamisi inacheza na mmoja, Jumamosi na mwenzake, inarudi nyumbani. Juma jingine ni zamu ya jozi ya Oregon, ambazo kati yake ni mwendo wa saa moja kwa basi. Kila timu ilikutana na kila timu mara mbili, nyumbani na ugenini, mechi 18, bingwa akajulikana bila hesabu za kubahatisha. Safari zote zilikuwa kaskazini kwenda kusini au kusini kwenda kaskazini, saa ya ukutani haibadiliki, isipokuwa Arizona ambako hawasogezi saa majira ya joto. Ni jozi ya jimbo la Washington peke yake iliyokuwa na usumbufu wa kweli, kwa sababu Seattle na Pullman zimetenganishwa na milima na kilomita zaidi ya 400. Sijaona ratiba ya michezo ya wanafunzi iliyokaa vizuri kuliko ile.

Na wewe, Mama, una haki ya kuikumbuka ligi ile, maana watu wetu waliipa heshima. Henry Rono, Mkenya wa Kapsabet aliyekuwa mkimbiaji wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Mbili za kwanza hakuzifuata Ulaya. Ya mita 5,000 aliivunja Berkeley, na ya kuruka viunzi na maji aliivunja Seattle, zote kwenye viwanja vya vyuo vya Pasifiki. Chuo kilichomlea leo ni mojawapo ya vile viwili vilivyoachwa peke yao wenzao walipotawanyika.

Sasa, nini kilikatika? Tarehe 27 Juni 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kesi ambayo vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia viliishtaki NCAA. Tangu miaka ya 1950 NCAA ilikuwa ndiyo inayoamua ni mechi ngapi za futiboli ya Kimarekani zionyeshwe kwenye televisheni na timu moja ionekane mara ngapi. Mahakama ikasema huo ni ukiritimba unaovunja sheria ya ushindani. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli katika Chuo Kikuu cha Colorado. Alihofia kwamba uamuzi ule ungeugeuza mchezo wa wanafunzi kuwa biashara tupu. Kisheria nadhani walio wengi walikuwa sahihi. Kwa hali ya michezo, White aliona mbali kuliko wao.

Tangu siku hiyo haki za matangazo zikawa mali ya vyuo na ligi zao, na ligi ikaacha kuwa ratiba ya majirani, ikawa bidhaa ya kuuzwa. Mabadiliko hayakuja siku moja. Notre Dame ilipata mkataba wake yenyewe na NBC, ukaanza 1991. SEC ikaongeza Arkansas na South Carolina ili ifikishe timu 12, igawanyike pande mbili na kucheza fainali yake, ambayo ilianza 1992 na kununuliwa kwa bei nzuri. Ligi ya Texas na jirani zake, Southwest Conference, iliyokuwepo tangu 1914, ikafa 1996 baada ya vyuo vyake vikubwa kuikimbia.

Kisha ikaja kebo, na hapa ndipo ramani ilipoanza kupinda kabisa. Big Ten ilifungua chaneli yake mwenyewe mwaka 2007. Kampuni za kebo zililipa kwa kila nyumba yenye usajili, iwe wenye nyumba wanaangalia au hawaangalii, na kiwango kilikuwa kikubwa zaidi katika majimbo yenye chuo mwanachama. Kwa hiyo Maryland na Rutgers zilipochukuliwa, zikaanza kucheza 2014, hakuna aliyedai kuwa Rutgers ni timu ya kutisha. Kilichonunuliwa ni nyumba za New Jersey na jirani zake New York, na nyumba za eneo la Washington na Baltimore. Ni kama king'amuzi chako hapo Arusha kingekutoza zaidi kila mwezi kwa sababu tu mkoa wako una timu ligi kuu, hata kama hujawahi kuiangalia.

Pasifiki, walioitwa Pac-12 baada ya kuwaongeza Colorado na Utah, walikosea hesabu hiyo. Walifungua chaneli yao mwaka 2012 wakaimiliki wenyewe bila mshirika mkubwa, na haikufika kwenye nyumba nyingi. Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA wakatangaza kuhamia Big Ten, na soko la Los Angeles likaondoka nao. Ligi iliyobaki ikaanza kutafuta mkataba mpya. Oktoba mwaka huo, Big 12 ikaiwahi: ikasaini na ESPN na Fox mapema, ikauchukua muda na fedha ambazo Pasifiki walikuwa wanazitegemea. Mwishoni, Pac-12 ilibaki na pendekezo la Apple, la kuonyesha mechi kwa wanaolipia mtandaoni, ambalo mapato yake yangetegemea wangapi watajisajili. Colorado ikaondoka mwishoni mwa Julai 2023. Tarehe 4 Agosti, siku moja, wakaondoka watano: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Septemba mosi Stanford na California wakakubaliwa ACC, ambayo jina lake lenyewe ni la Pwani ya Atlantiki. Waliingia kwa mgao mdogo sana wa fedha za matangazo kwa miaka kadhaa, ili mradi wasiachwe nje.

Miaka 108 ya ligi ya Pasifiki ikaisha namna hiyo, ndani ya kiangazi kimoja.

Kwa hiyo unaponiuliza kwa nini wenye akili za kupanga wasipange, jibu ni kwamba kila mmoja wao alipanga, tena vizuri, kwa upande wake. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupanga kwa wote. Na akitokea wa kujaribu, atakutana na ile hukumu ya 1984: NCAA ikiviamuru vyuo vikae kwa kanda, na hivyo kuvipunguzia mapato, kuna wanasheria watakaofungua kesi asubuhi inayofuata. Bunge la Marekani linaweza kutoa msamaha wa kisheria, kama lilivyofanya mwaka 1961 liliporuhusu ligi za kulipwa kuuza matangazo yao kwa pamoja, lakini msamaha ule haukuvihusu vyuo. Miswada ya kuipanua imekuwa ikiletwa. Nisingekaa kuisubiri.

Hata viongozi wa jimbo wana mkono mfupi. UCLA na Berkeley ni vyuo vya mwenye mali mmoja, Chuo Kikuu cha California. Bodi yake ingeweza kumzuia UCLA asimwache ndugu yake. Haikumzuia; ilimwacha aende kwa masharti, na baadaye ikaamua UCLA imlipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka kama fidia. Gazeti gani la michezo kule halikucheka? Lakini somo lake si la kuchekesha: mzazi mwenyewe wa vyuo viwili hakuweza kuwaweka meza moja.

Sasa nije kwenye lile ninaloliamini, na ambalo wapenzi wengi wa ligi za kanda hawalisemi wazi. Anayetaka kuirudisha futiboli ya Kimarekani kwenye kanda anapigania vita ambayo imekwisha. Na kusema kweli, futiboli haihitaji kurudishwa. Timu hucheza mechi 12 za msimu wa kawaida, nyingi Jumamosi, moja kwa wiki, nusu au zaidi nyumbani. Wachezaji husafiri kwa ndege ya kukodi, wanaondoka Ijumaa wanarudi usiku wa Jumamosi. Safari nne au tano kwa mwaka, hata za mbali, hazimvunji kijana.

Binti yako yuko kwenye hali nyingine. Wavu wa wanawake Big Ten una mechi 20 za ligi, zikichezwa kati ya mwisho wa Septemba na Novemba, wakati masomo yamekolea. Ni mechi mbili kwa wiki, na mara nyingi moja wapo ipo katikati ya wiki. Kutoka Los Angeles hadi Rutgers ni karibu kilomita 4,000, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Cape Town, na saa tatu za mchana zinapotea njiani. Ligi hujitahidi kumpangia mechi mbili kwa safari moja ili asirudi nyumbani kati yake, na hilo linapunguza ndege lakini linaongeza siku za kukosa darasa. Kanuni ya NCAA inasema mwanafunzi asitumie zaidi ya saa 20 kwa wiki kwenye mchezo. Inaonekana nzuri mpaka uangalie hesabu yake: siku ya mechi huandikwa saa 3 hata ikimla siku nzima, na saa za kusafiri hazihesabiwi kabisa. Kwa karatasi, binti yako wa Pasifiki na mwenzake wa Indiana wana juma sawa.

Wakimbiaji, kwa mfano, hawaguswi sana, na ndiyo maana Wakenya wengi walioko vyuo vya Marekani hawalalamiki. Mbio za nyika na riadha hazina mechi za nyumbani na ugenini. Kuna makutano ya mwaliko ambayo kocha huchagua, na ubingwa wa ligi ni mara moja kwa msimu. Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, na kama angekuwa anakimbia leo, kuhamia Big Ten kungemgharimu safari chache tu za ziada. Mzigo wote umewaangukia wa wavu, soka, softiboli, besiboli, na kikapu kwa kiasi. Yaani umewaangukia zaidi wale ambao fedha za mkataba hazikutafutwa kwa ajili yao.

Ndiyo sababu dawa ninayoiona ni kuutenga mchezo mmoja na mingine. Futiboli ibaki kwenye ligi zake za kitaifa, iuzwe, ilete fedha. Wavu, soka na wengine wacheze na majirani. Hilo si wazo la kwangu peke yangu. Knight Commission, jopo ambalo limekuwa likishauri juu ya michezo ya vyuo kwa miongo kadhaa, lilipendekeza Desemba 2020 kwamba futiboli ya ngazi ya juu itolewe NCAA na kuendeshwa na chombo chake chenyewe. Chip Kelly, alipokuwa kocha wa futiboli UCLA, alisema hadharani mwishoni mwa 2023 kwamba futiboli ijitenge ili wengine wabaki kwenye kanda zao. Kocha wa futiboli kusema hivyo si jambo dogo.

Usidhani ni ndoto. Kutenganisha michezo kunafanyika sasa hivi. Notre Dame ina futiboli isiyo na ligi, michezo yake mingi iko ACC, na mpira wa magongo wa barafuni wa wanaume uko Big Ten. Johns Hopkins, chuo ambacho michezo yake mingi iko ngazi ya tatu, kinacheza lakrosi Big Ten. Upande wa Pasifiki kuna shirikisho liitwalo Mountain Pacific, lililoanzishwa 1992 kwa ajili ya michezo ambayo ligi kubwa haziendeshi, na polo ya majini ya wanaume ya Stanford, Berkeley, UCLA na USC inachezwa humo. Vyuo vinne vile vile vilivyotawanyika ligi mbili tofauti bado vinakutana majini, jirani kwa jirani. Kama polo ya majini inaweza, sioni kikwazo cha kimaumbile kinachouzuia wavu.

Na kuna aliyerudi. Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, kilikuwa mwanachama mwanzilishi wa Big East, ligi ya mwaka 1979 ya vyuo vya kikapu vya Kaskazini Mashariki: Georgetown, St. John's, Providence na wenzao. Futiboli ikaingia, ikavuta huku na huku, na 2013 ligi ikapasuka. Vyuo saba vya Kikatoliki visivyo na futiboli kubwa vikaondoka na jina la Big East. UConn, kwa sababu ya timu yake ya futiboli, ikajikuta upande wa pili, ikicheza na Houston, Tulsa na Tulane, timu ambazo mashabiki wa Hartford hawakuwa na habari nazo. Uwanja ukapungua watu, safari zikapanda bei. Mwaka 2019 wakaamua: wakalipa dola milioni 17 za kujitoa, wakarudi Big East mwaka 2020, na futiboli wakaiacha bila ligi. Walichekwa kwamba wamejiua. Timu ya kikapu ya wanaume ikatwaa ubingwa wa taifa 2023 na 2024, na ya wanawake 2025. Siwezi kusema ligi ndiyo iliyowapa mataji, makocha wazuri hawasombwi na ramani. Ninachosema ni kwamba kurudi hakukuwaua. Tena Big East ya leo si ya kanda kamili, maana Creighton iko Nebraska. Lakini safari nyingi za UConn sasa ni za kwenda kwa watu wanaowajua.

Kwa nini basi wengine hawafuati? Kwanza, UConn ilikuwa na futiboli dhaifu. Kuiacha hakukuuma. Oregon haiwezi kufanya hivyo. Pili, mikataba ya ligi kubwa inadai chuo kilete michezo yake yote ambayo ligi inaiendesha, na chaneli ya ligi inahitaji mechi za kujaza saa zake. Wavu na soka ni chakula cha bei nafuu cha televisheni siku za katikati ya wiki. Tatu, fedha. Katika vyuo vingi vikubwa futiboli, na wakati mwingine kikapu cha wanaume, ndivyo vinavyolisha michezo mingine. Wakuu wa michezo wanaogopa kwamba futiboli ikipewa nyumba yake, itabeba na mkoba wake. Hofu hiyo imekua tangu mahakama ilipoidhinisha, Juni 2025, suluhu inayoruhusu chuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kila dola sasa ina wagombea wawili.

Wapo wanaosema pia kwamba kuitenga futiboli kungeikwepesha na Title IX, sheria ya 1972 inayowalinda wanawake. Hilo silikubali. Sheria ile inakibana chuo chenyewe kinachopokea fedha za serikali kuu. Wachezaji wakiendelea kuwa wanafunzi wa chuo na timu kuwa ya chuo, nafasi na ufadhili wao utahesabiwa hata wakicheza ligi ya mwezini.

Pingamizi ninaloliheshimu ni jingine, na ningependa umuulize binti yako mwenyewe kabla hujalichukia jina la Big Ten. Kwa mchezaji wa wavu, ile ni ligi ya ndoto. Agosti 2023 Nebraska walicheza wavu katika uwanja wa futiboli mbele ya watu 92,003. Penn State ilitwaa ubingwa wa taifa 2024. Huenda anachoka na bado hataki kuondoka. Nami nitamjibu kwamba Stanford ina mataji tisa ya NCAA ya wavu wa wanawake, UCLA manne, USC matatu na Washington moja, na karibu yote yalipatikana timu zile zikiwa ligi moja ya Pasifiki. Ubora ulikuwepo nyumbani. Kilichokosekana ni mnunuzi wa matangazo.

Kama mabadiliko yatakuja, tazama miaka ya 2030 na 2031, mikataba ya Big Ten na Big 12 inapoisha karibu pamoja. Hapo ndipo vyuo vitakuwa na nafasi ya kusema: nunueni futiboli peke yake. Wakati huo huo, jaribio dogo limeshapangwa. Oregon State na Washington State, wale walioachwa, wamewaita Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State, Utah State na wengine kuiunda upya Pac-12 kuanzia Julai 2026. Ni ligi ya Magharibi kweli kweli, ingawa hata wao wamelazimika kwenda hadi Texas State, kwa sababu kanuni zinadai vyuo vinane vya futiboli. Na hata kuwachukua majirani kumewaletea kesi na ligi ya Mountain West kuhusu ada za kuwachukua. Ujirani nao una bei.

Turudi kwa binti yako. Kama yuko kwa viza ya wanafunzi, F-1, ana shida ambayo wenzake wa Kimarekani hawana, na makocha wengine huisahau. Wenzake wakielemewa na safari hujisajili kozi za mtandaoni muhula mzima. Yeye hawezi: kanuni za uhamiaji zinamhesabia kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti tatu, katika mzigo wake wa masomo wa muda wote. Akifuata mkumbo anaweza kupoteza hadhi ya viza bila kujua. Kila kozi ya mtandaoni aipitishe kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, si kwa mshauri wa timu peke yake. Vivyo hivyo akiletewa mkataba wa malipo ya jina na sura yake au mgao wa mapato, asisaini kabla mwanasheria wa uhamiaji hajauona, kwa kuwa viza hiyo inabana sana kazi za kulipwa.

Kila chuo cha NCAA lazima kiwe na mhadhiri anayewakilisha upande wa taaluma katika michezo. Wanafunzi wengi hawajui jina lake. Huyo ndiye wa kumwendea mwalimu akikataa kusogeza mtihani, na ndiye wa kuulizwa ni nani anasimamia mitihani ya hotelini. Ratiba ya wavu hutoka kabla ya muhula wa kwanza kuanza. Aipeleke kwa walimu wake wiki ya kwanza, safari zikiwa zimewekewa alama, na kozi zenye maabara azihamishie muhula wa Januari, ambapo wavu hauna mechi za ligi.

Kuhama chuo inawezekana pia. Tangu Aprili 2024 mwanafunzi aliye sawa kimasomo anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza bila kukaa nje mwaka. Lakini ufadhili wake wa sasa unaweza kukatwa mara tu anapojiandikisha kwenye orodha ya wanaohama, na rekodi yake ya uhamiaji lazima ihamishwe rasmi kutoka chuo hadi chuo. Akae na hesabu za krediti zake kwanza. Akiwa amebakiza mwaka mmoja, mara nyingi krediti zitakazokataliwa na chuo kipya zitamgharimu muda mwingi kuliko ndege zote za kwenda New Jersey.